Shoki za Mbele Zilizolegea: Kazi ya Springi, Oili na Hewa Katika Pikipiki Ndogo Kuukuu

Pikipiki ndogo iliyokwisha kuzeekea barabara za Malindi huanza kulegea mbele kidogo kidogo, na mwenyewe huzoea bila kujua, mpaka siku atakapopanda ya mwenzake iliyo mpya. Akishika breki, usukani unazama. Akivuka tuta, mbele kunatikisika mara tatu nne kabla ya kutulia, na akiingia shimo lenye kina anasikia chuma kikigota chuma. Dawa inayotolewa vibandani ni moja na inajulikana: mwaga oili iliyomo, tia nzito. Dawa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inatibu ugonjwa mmoja kati ya kadhaa, tena mara nyingi si ule unaomsumbua mwenye pikipiki. Ndiyo sababu baada ya wiki chache mbele kunazama vilevile, na juu ya hayo mikono inaumia.

Kulegea kuna sura mbili ambazo hazina budi kutenganishwa kabla ya spana kuguswa. Springi ndiyo inayobeba uzito. Ikichoka, au ikiwa tangu kiwandani ilikuwa dhaifu kwa mzigo unaobebwa, pikipiki hukaa chini hata ikiwa imesimama, na hufika mwisho wa mwendo wake upesi. Oili haibebi kitu chochote. Kazi yake ni kupunguza kasi ya shoki inaposhuka na inaporudi, na ikipungua au ikichakaa, pikipiki huchezacheza baada ya kila tuta ingawa kimo chake kikiwa imesimama hakijabadilika. Mtu mwenye springi dhaifu akitia oili nzito atapata shoki inayozama polepole zaidi, lakini itazama tu, kwa sababu hakuna oili inayoweza kuuinua uzito uliokwisha kukaa.

Ili kuona jinsi mambo haya yanavyofungamana, inafaa kujua kilichomo ndani. Shoki ya mbele ya pikipiki ndogo ya kawaida, kuanzia Honda CG125 ya miaka ya 1970 na jamaa zake wengi wa Kichina hadi Boxer zilizojaa katika stendi za bodaboda, ni bomba jembamba la chuma lililopakwa kromu, linaloteleza ndani ya bomba pana la aluminiamu ambalo ndilo linaloshika ekseli. Ndani ya bomba la kromu mna springi ndefu, na chini ya springi mna fimbo yenye matundu iliyofungwa kwa bolti kutoka chini kabisa ya mguu. Shoki inaposhuka, oili husukumwa kupitia matundu hayo. Inaporudi, hulazimishwa kupita katika matundu mengine yaliyo madogo zaidi, ili springi isiirushe pikipiki juu. Matundu hayo hayabadiliki ukubwa, wala hakuna skrubu ya kurekebisha. Si ufundi mpya: BMW waliuza pikipiki zenye shoki za mabomba zilizotulizwa kwa oili tangu mwaka 1935, na kwa pikipiki za bei nafuu umbile hilo halijabadilika sana.

Udhaifu wa umbile hilo uko kwenye matundu. Chukua bomba la sindano la hospitali, lijaze maji, ulisukume polepole, kisha ulisukume kwa nguvu: mara ya kwanza maji hutoka kama hayana kizuizi, mara ya pili kidole chako hukutana na ukuta. Kioevu kinapopita katika tundu lisilobadilika, ukinzani hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi ikizidi maradufu ukinzani huwa mara nne. Breki huishusha shoki kwa mwendo wa pole, na hapo matundu hayazuii karibu chochote. Ukingo wa shimo huishusha kwa ghafla, na hapo matundu huzuia kupita kiasi. Oili nzito huzidisha ukinzani katika hali zote mbili. Kwenye breki faida yake ni ndogo, na kwenye shimo hasara yake ni kubwa, kwa kuwa gurudumu halipati nafasi ya kupanda na pigo lote huishia mikononi. Kuna ubaya mwingine usioonekana upesi. Katika barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama zinavyokuwa njia za bara pale greda lisipopita kwa muda, shoki yenye oili nzito mno haimalizi kurudi kabla ya wimbi linalofuata. Hushuka kidogo kwa kila wimbi, na mwendeshaji hujikuta anaendesha juu ya shoki iliyokwisha kujikunja.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba la kromu, ikaze kiasi cha kuteleza kwa shida kidogo. Inua pikipiki kwa stendi ya kati mpaka gurudumu la mbele lining'inie, isogeze kamba hadi kwenye sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke pale bomba la kromu linapoingia, kisha ishushe pikipiki taratibu, upande na ukae kama unavyokaa barabarani, huku mtu akikushikia kwa nyuma. Teremka kwa uangalifu, inua tena, upime kwa rula umbali kati ya sili na kamba. Huo ndio mnepo. Shoki za pikipiki hizi kwa kawaida zina mwendo wa milimita 110 hadi 130, na mnepo unaofaa ni kati ya robo na theluthi ya mwendo huo, tuseme milimita 30 hadi 40. Zikipatikana 50 au zaidi, tatizo ni springi, na mtu anayekuambia ubadilishe oili kwanza hajapima.

Milimita hizo chache zinaonekana kama kitu kidogo, lakini hesabu inaonyesha vingine. Chukua pikipiki na mwendeshaji wake, jumla kilo 190, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka chini, na umbali kati ya ekseli mbili ukiwa sentimita 125. Akishika breki kwa nguvu inayofikia nusu ya uvutano wa dunia, jambo la kawaida kwenye lami kavu mtoto anapokatiza, uzito unaohamia mbele ni 190 mara 0.5 mara 60 kugawa kwa 125, yaani kilo 45 hivi. Tuseme springi mbili kwa pamoja hushuka milimita moja kwa kila kilo, kiasi ambacho si cha ajabu kwa pikipiki ndogo, na tuuache kando mlalo wa shoki ili hesabu isitushinde. Shoki yenye mwendo wa milimita 120 na mnepo wa 50 itabaki na 70. Breki ikila 45, zinabaki 25 za kukabiliana na shimo lolote litakalotokea wakati huohuo. Mnepo ukirudishwa kuwa 35, zinabaki 40.

Sasa mpakize abiria. Watu husema abiria hukaa nyuma, kwa hiyo shoki za mbele hazimhusu, na pikipiki ikiwa imesimama wanasema kweli. Lakini jumla ikipanda kufikia kilo 260 na kitovu cha uzito kikipanda hadi sentimita 65, breki ileile huhamishia mbele takriban kilo 68. Katika pikipiki yenye mnepo wa 50, hiyo ni karibu yote iliyobaki. Kijiwe kidogo tu kinatosha kuigotesha. Mwenye kubeba mitungi ya maji au gunia la maembe juu ya tangi anajiongezea mnepo hata kabla ya kuondoka.

Marekebisho ya bei ndogo kuliko yote ni kipande cha kuongezea juu ya springi, chini ya kifuniko cha shoki. Mafundi hutumia washa za chuma au kipande cha bomba gumu la plastiki la maji kilichokatwa sawasawa, na washa ya bapa juu na chini ili springi isikitafune. Kikikatwa cha milimita 15, mbele kutapanda takriban milimita 15. Ni vizuri kuelewa kwamba springi haijawa ngumu zaidi kwa kufanya hivyo. Imeanza tu kazi yake ikiwa imebanwa zaidi, na bado itashuka milimita ileile kwa kilo ileile. Kwa pikipiki inayobeba mtu mmoja na iliyochoka kwa umri, hilo linatosha kabisa, na ningeanzia hapo kila mara. Kwa pikipiki ya kazi halitoshi, na anayezidi kuongeza vipande atapata mbele iliyonyooka kama ngazi, inayogonga juu kila gurudumu linapoachia ardhi.

Springi ngumu zaidi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta springi nyingine ya kipenyo kilekile cha nje lakini yenye waya mnene zaidi, na hapa kipimo cha venia, kile cha koleo kinachosoma sehemu za milimita, kina thamani kuliko neno la muuzaji, kwa sababu ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 4.2 badala ya 4.0, tofauti ambayo jicho haliioni, huongeza ugumu kwa zaidi ya asilimia 20, mengine yote yakiwa sawa. Njia ya pili ni kukata. Springi yenye mizunguko 40 ikikatwa minne, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 11 hivi, na urefu ulioondolewa hujazwa kwa kipande cha bomba. Njia hii haigharimu kitu na mafundi wanaipenda, lakini binafsi siipendekezi pasipo hesabu ifuatayo. Tuseme springi hiyo ina urefu wa milimita 320 na waya wa milimita 4. Ikibanwa mpaka mizunguko ishikane, urefu wake ni 160, kwa hiyo ina nafasi ya kujikunja milimita 160. Mbano wa kuanzia ukiwa 20 na mwendo wa shoki 120, inahitaji 140, na kuna akiba ya 20. Kata mizunguko minne: nafasi ya kujikunja inashuka hadi 144, na akiba inabaki milimita 4 tu. Mwenye pikipiki akiongeza hapo kipande cha milimita 15 kwa kutaka kuinua mbele, springi itashikana kabla shoki haijafika mwisho, na pigo litakuwa la chuma kwa chuma, baya kuliko lile alilokuwa akilikimbia.

Mnepo ukishakuwa sawa, ndipo oili inapopata haki ya kuzungumziwa. Oili ya zamani ikimwagwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa, mara nyingi hutoka rangi ya kijivu kama maji ya saruji, ina harufu kali, na ukiielekeza juani unaona chembe za aluminiamu zikimetameta ndani yake. Hiyo haina tena nguvu ya kutuliza kitu, na katika pikipiki nyingi kuibadilisha tu kwa kiasi sahihi huleta nafuu ambayo mwenyewe hakuitarajia. Kosa linalofanywa ni kujaza oili ya injini ya 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyopo. Oili hiyo, ikipimwa katika nyuzi 40 za Selsiasi, ina uzito wa kutiririka zaidi ya 150 kwa kipimo cha sentistoki, wakati oili ya shoki ya daraja la 10 huzunguka 30 na kitu, na ile ya daraja la 20 huzunguka 70. Mtu ameruka madaraja yote kwa hatua moja.

Oili halisi ya shoki haipatikani kila duka la vipuri, lakini kuna mbadala wa kuaminika. Oili ya giaboksi ya magari ya otomatiki, ATF, ile nyekundu, iliagizwa na Honda yenyewe katika vitabu vya pikipiki zake kadhaa za zamani, na uzito wake unakaribia daraja la 10. Oili ya haidroliki ya matrekta na mitambo ina sifa nzuri zaidi kwa mnunuzi: namba iliyoandikwa kwenye mtungi, 32, 46 au 68, ndiyo kipimo chenyewe cha kutiririka katika nyuzi 40, bila kufichwa nyuma ya madaraja ambayo kila kiwanda huyatafsiri kivyake. Katika joto la pwani yetu, ningeanza na 46 kwa pikipiki ya mtu mmoja na kufika 68 kwa ile inayobeba abiria kutwa kwenye lami ya kwenda Gede na Watamu. Zaidi ya hapo sioni sababu. Kiasi kwa kila mguu hutofautiana kati ya aina na aina, kwa kawaida kati ya mililita 100 na 200, na kitabu cha pikipiki ndicho mwamuzi.

Kuna springi ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni hewa iliyofungiwa juu ya oili. Shoki inaposhuka, nafasi ya hewa hupungua, na hewa iliyobanwa kufikia nusu ya nafasi yake huwa na shinikizo maradufu. Kwa hiyo msaada wake ni mdogo mwanzoni mwa mwendo na huongezeka kwa haraka mwishoni, palepale shoki inapotaka kugota. Njia ya kuutumia ni kupima kimo cha oili badala ya kutegemea kiasi tu: toa springi, bonyeza mguu mpaka mwisho, upige pampu mara kadhaa kutoa mapovu, halafu pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi usoni mwa oili. Ongeza kwa hatua ya milimita 10, ambayo katika bomba la upana wa ndani wa milimita 24 ni chini kidogo ya mililita 5, ukijaribu barabarani kila mara. Bomba la sindano lenye kipande cha mpira mwembamba hutosha kusawazisha miguu yote miwili. Anayejaza kupita kiasi atalipuliwa sili, au shoki itakataa kushuka kabisa, kwani oili haibanwi.

Hadi hapa tumedhania kwamba chuma chenyewe ni kizima, na Malindi hiyo si dhana ya kuaminiwa. Pikipiki zinazovuka daraja la Sabaki kila siku kwenda Mambrui na Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, hubeba chumvi na mchanga kwenye mabomba yao, na hata zile zinazolala karibu na ufuo hupokea mvuke wa bahari usiku kucha wakati wa kusi. Kromu huanza kutoboka kwa vidoa vidogo vyekundu. Pitisha ukucha juu ya bomba: palipo na kitundu utakwama, na kila kitundu kilichomo ndani ya eneo la kuteleza ni kisu kinachokata mdomo wa sili. Kubadilisha sili pasipo kushughulikia vitundu ni kununua siku chache tu. Vichache hulainishwa kwa msasa laini sana wenye oili, kwa kuzungusha na wala si kwa kupandisha na kushusha, kisha hujazwa gundi ngumu ya epoksi na kusuguliwa tena hadi ukucha usikwame. Vilivyo juu ya eneo la kuteleza havidhuru kitu. Baada ya hapo, mipira ya mikunjo ya kufunika mabomba, ambayo vijana huiona ya kizee, ina faida kubwa mno kwa ukanda huu, mradi iinuliwe mara kwa mara na kufutwa unyevu uliojificha chini yake.

Msuguano nao hujifanya ugumu, na ukiondolewa ndipo ulegevu uliojificha huonekana. Ekseli ikikazwa wakati miguu haijakaa sambamba, mabomba hukwama na kutoa mwendo wa mikato. Dawa yake ni kulegeza bolti za chini, kushika breki ya mbele na kuisukuma pikipiki chini mara kadhaa ili miguu ijipange, kisha kukaza kuanzia chini kwenda juu.

Anayefungua mwenyewe ajihadhari na mambo mawili. Kifuniko cha juu kina springi iliyobanwa chini yake na hurusha; gurudumu liwe limening'inia, kibanio cha juu kilegezwe kwanza, na uso usiwe juu yake nyuzi zikiisha. Bolti ya alenki iliyo chini ya mguu nayo hupenda kuzunguka pamoja na fimbo ya ndani bila kufunguka. Ijaribiwe springi ikiwa bado imo, na ikikataa, mpini wa ufagio uliochongwa ncha, ukishindiliwa kutoka juu, huishika fimbo vya kutosha. Washa yake ya shaba isirudishwe ya zamani, maana uvujaji wa pale hufanana sana na wa sili.

Mbele kukishapanda, taa itamulika juu zaidi na usukani utakuwa mzito kidogo wa kugeuka, kwa kuwa mlalo wa shoki umeongezeka. Shoki za nyuma zikiwa zimechoka, tofauti hiyo huzidi, kwa hiyo ni heri zikaguliwe siku hiyohiyo. Upepo wa tairi la mbele upimwe pia, kwani tairi gumu kupita kiasi hufanya shoki nzuri ionekane mbaya.

Kinachobaki ni shoki isiyotengenezeka. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika miguu ya chini kwa mikono miwili, uvute na kusukuma. Mchezo ukiwa shingoni mwa usukani, hizo ni beringi na zinabadilishika. Mchezo ukiwa pale bomba la kromu linapoingia kwenye aluminiamu, na pikipiki ni ya aina isiyokuwa na bushi, yaani pete za kutelezea, za kubadilisha, basi aluminiamu yenyewe imelika, na hakuna oili wala springi itakayoirudisha. Hapo fedha ziende kwenye miguu mingine, na kabla ya kuilipa, iwe mipya au iliyotolewa kwenye pikipiki iliyochinjwa, pima kipenyo cha bomba kwa venia, vingirisha bomba juu ya kioo kuona kama limepinda, na linganisha urefu wote kutoka kifuniko hadi katikati ya ekseli, kwa sababu pikipiki mbili zenye jina moja ubavuni zinaweza kutofautiana kwa milimita zinazotosha kuzuia miguu isiingie kwenye vishikio.